Msituambie tuoshe mboga tu, pimeni udongo wa Bonde la Msimbazi mtuwekee majibu hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hizi mboga za majani tunazokula hapa Dar, hasa zinazolimwa kando ya mto Msimbazi na vijito vyake, maana kila baada ya muda habari inaibuka, kiongozi anatoa tamko kwamba mboga za bondeni ni sumu wakulima waondoke, watu wanabishana kwenye magrupu ya WhatsApp, mmoja anasema loweka na chumvi, mwingine vinega, mwingine chemsha umwage maji ya kwanza, alafu kimya. Mchicha unaendelea kuuzwa na sisi tunaendelea kula. Mi nina jambo moja tu na nitalisema kwa urefu mnivumilie: tuambiwe shamba gani lina nini. Sio "mboga za Msimbazi" kwa ujumla, hapana, shamba gani, udongo wake umepimwa lini, una risasi (naongelea ile metali ya kwenye betri, sio ya bunduki) kiasi gani na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kiasi gani. Kama hilo halijafanyika basi kufukuza wakulima na kuwatisha kina mama wa sokoni ni kelele tu.

Na sio kwamba ni jambo jipya. Mwaka 1999 wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa mboga zilizolimwa kando ya mto Sinza na mto Msimbazi, wakapima shaba, zinki, risasi na kadimiamu, na hizo mbili za mwisho ndio zikawa za kutia wasiwasi. Toka hapo wamefuata watafiti wengine kibao, wanachota maji, wanakata mchicha, wanaandika ripoti, wanapata digrii zao, hongera kwao. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake na wanakula matembele ya bonde lile lile. Ripoti zipo kwa kiingereza kwenye majarida ambayo mama muuza mboga wa Buguruni hatakaa ayaone maisha yake yote.

Kwa wasiolijua bonde vizuri, mto unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka unapita pembeni ya maeneo ya viwanda, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, Tabata, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Salenda. Njiani unapokea kila kitu, maji ya viwandani, ya gereji bubu, ya wapiga rangi magari, ya vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha. Na madampo ya zamani msiyasahau. Wazee wa Tabata wanakumbuka walivyolishtaki jiji mahakamani kuhusu dampo lao wakashinda, na mwanzoni mwa miaka ya 90 dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi. Magari ya taka yalihama ndio, ila kilichochuruzika kutoka kwenye zile taka miaka yote hiyo hakikupakiwa kwenye lori kikahama nacho. Uchafu wa machinjio unaoza unaisha, hata vile vijidudu vya kinyesi jua kali litaua vingi. Metali haiozi, iko pale pale inasubiri.

Sasa nitoe mfano wa mtaani kwangu, jina sitaji wala sina ugomvi na mtu. Kuna kijana jirani kazi yake ni skrepa, ananunua betri mbovu za magari, za bajaji, za sola. Anaipasua kwa shoka, maji ya betri anayamwaga mtaroni yanatoa povu kidogo kwenye simenti, alafu anachomoa zile sahani za ndani anazirundika kwenye sufuria kuukuu lisilo na mikono juu ya jiko la mkaa. Risasi inayeyuka kirahisi kuliko watu wanavyodhani, nyuzijoto 327 tu, mkaa unatosha kabisa. Juu unatokea ukoko wa kijivu unaofanana na majivu, anaukwangua na kijiko anautupa pembeni pale pale, kilicho chini kinang'aa kama kioo anakimimina kwenye vishimo alivyochimba kwenye mchanga, kikipoa ni chubwi, anawauzia wavuvi. Kijana mzuri, shikamoo hakosi, na anasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo. Ila ule ukoko anaoutupa ndio ubaya wenyewe, ni unga mwepesi, ukikauka upepo unaubeba, mvua ikinyesha mtaro unaupeleka bondeni, na bondeni kuna matuta ya mboga.

Tupige hesabu kidogo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa Codex, ambacho ndio mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, wanakitumia, kinasema mboga za majani zisizidi miligramu 0.3 za risasi kwa kilo. Gramu moja ya risasi ni miligramu 1,000. Kwa maana hiyo gramu moja, ambayo ukiiweka kiganjani huisikii uzito, inatosha kufikisha kwenye ukomo zaidi ya tani tatu za mchicha kama yote ingeingia kwenye majani. Najua haiingii yote, nyingi inabaki kwenye udongo na hilo nakuja kulielezea, lakini betri moja ya gari ina kilo 8 za risasi au zaidi. Kilo sio gramu. Na huyu ni kijana mmoja mtaa mmoja.

Tuje kwenye hili la kuosha sasa, maana hapa ndipo watu wanapotoshana na kusema kweli hata wataalamu wetu wakihojiwa redioni wanalipita haraka haraka. Risasi na kadimiamu zote tunaziita metali nzito lakini tabia zake shambani ni tofauti kabisa. Risasi inang'ang'ania udongo. Ikishaingia kwenye udongo wenye mboji au mfinyanzi inakaa palepale sentimita chache za juu, mzizi ukiifikia nyingi inaishia kwenye mzizi, kupanda hadi kwenye jani ni kidogo. Risasi inayokutwa kwenye mchicha mara nyingi ni vumbi lililotua juu ya jani na matope yaliyoruka wakati wa kumwagilia au mvua. Kwa risasi basi kuosha kunasaidia, na kunasaidia sana, ukiosha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, ukakata ule mzizi na shina la chini lililogusa udongo. Mihogo, karoti na viazi menya ganda tupa.

Kadimiamu ni kitu kingine. Mmea unaihitaji zinki ili uishi, na kadimiamu inafanana na zinki kiasi kwamba mzizi hautofautishi vizuri, unaifungulia mlango ule ule, inapanda na maji mpaka kwenye jani inajihifadhi humo. Haipo juu ya jani, ipo ndani. Uoshe kwa chumvi, kwa vinega, kwa dawa ya kuosha matunda ya elfu kumi, inakuangalia tu. Na mimea inayoongoza kwa kuivuta ni hii ya majani tunayoipenda, mchicha, spinachi, saladi (tumbaku nayo humo humo, ndio maana mvuta sigara anakuwa na kadimiamu nyingi mwilini kuliko asiyevuta hata kama wanakula meza moja). Codex kwa kadimiamu kwenye mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo. Inatoka wapi, inatoka kwenye zile betri za kuchaji za zamani za nikeli na kadimiamu, rangi nyekundu na za njano za plastiki, viwanda vya kupaka vyuma, na baadhi ya mbolea za fosfeti kutegemea mwamba uliochimbwa ulikuwaje.

Kwahiyo mtu akikwambia "osheni mboga vizuri" amekujibu nusu ya swali, ile nusu rahisi. Nusu ya pili haina dawa jikoni, dawa yake iko shambani tu kabla ya kuvuna. Na ubaya mwingine ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Mboga yenye kadimiamu hainyauki haina madoa, tena ya bondeni inapendeza kuliko ya kwingine maana maji yale yana kinyesi, kinyesi kina naitrojeni, jani linakuwa pana la kijani limeshiba. Sokoni ndio inaisha ya kwanza! Mteja anachagua kwa rangi.

Madhara ndio hivyo hivyo, hayaonekani leo. Kipindupindu kikiingia, jioni watu wapo wodini na kesho mkuu wa mkoa yupo eneo la tukio na buti za mvua. Risasi haifanyi hivyo. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Inaenda kwenye ubongo unaokua, mtoto anakuwa mzito kushika masomo, hatulii, mwalimu anasema huyu mtoro wa akili, mzazi anatandika viboko. Nani atafikiria betri? Kwa mtu mzima inajificha kwenye mifupa, na mwanamke akibeba mimba mifupa ikianza kutoa kalisiamu kwa ajili ya mtoto na risasi inatoka nayo inavuka kondo la nyuma. Kadimiamu yenyewe inaenda kukaa kwenye figo, na ikishakaa inachukua kati ya miaka 10 na 30 kupungua nusu. Mtu anaanza kuumwa figo ana miaka 55 anaambiwa ni presha.

Ila naomba msininukuu vibaya, sijasema watu waache kula mboga. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisiamu anafyonza risasi nyingi zaidi kuliko aliyeshiba vizuri, na mboga za majani ndio chuma cha maskini wa mji huu. Ukimnyima mtoto mboga kwa kuogopa risasi alafu risasi bado ipo kwenye vumbi analochezea uani umemwongezea tatizo. Ndio maana matamko ya jumla jumla yananikera.

Mjomba wangu analima bondeni huko upande wa Kigogo, matembele, mchicha na kisamvu kidogo, miaka mingi sana. Mchicha wiki tatu nne unauza, hakuna kazi nyingine ya mtu asiye na elimu inayoingiza pesa haraka hivyo bila kumpigia mtu magoti. Kina mama wanakuja alfajiri wananunua kwa tuta, sio kwa kilo, wanang'oa wenyewe, wanafunga mafungu, alafu wanaenda kwenye shimo lililochimbwa hatua chache kutoka mtoni wanatumbukiza mafungu kuondoa tope yaonekane fresh, yanapakiwa kwenye bodaboda kwenda sokoni. Maji ya shimo yanatoka kwenye mto huo huo. Kwahiyo hata ile risasi ambayo maji safi yangeiondoa inarudishiwa pale pale! Hapo tu, bomba moja la maji ya DAWASA na karo la simenti pembeni ya njia kina mama waoshee, hata kwa kulipia shilingi mia, lingepunguza tatizo la risasi na la kipindupindu kwa pamoja. Sijawahi kusikia kiongozi akilitaja, wanalotaja wote ni kufyeka.

Nilimuuliza mjomba wakikwambia udongo wako una sumu utafanyaje, akanijibu "waje wapime mama, wakisema hapa pabaya kwa mchicha nitaweka migomba nitaweka bamia, ila wasinifukuze kwa maneno ya hewani." Na yuko sahihi kuliko anavyojua, maana metali hizi zinakaa zaidi kwenye majani na mizizi kuliko kwenye matunda na punje. Shamba ambalo ni hatari kwa mchicha linaweza likatoa nyanya, bamia, mahindi na ndizi ambazo zipo ndani ya kiwango, na kama kipimo kikionyesha hata hizo hazifai basi pandeni maua na miche ya miti ya kuuza, bustani za maua pembeni ya barabara za Dar zinaingiza hela mbona tunaziona. Alafu kuna chokaa ya kilimo. Udongo ukiwa mchachu kadimiamu inalegea inavutwa kirahisi, ukiupandisha kwa chokaa inashikwa. Samadi iliyoiva na mboji vinasaidia kushika pia, na udongo wetu wa Dar mwingi ni wa kichanga, mchanga hauna cha kushikia, kwahiyo kila debe la mboji lina maana. Haya ni mambo ya bwana shamba kuyafundisha kwa asubuhi moja. Lakini atafundisha nini kama hana namba ya udongo wenyewe? Chokaa kiasi gani, kwa tuta la nani?

Ndio tunarudi kwenye kupima. Watu watasema ni gharama. Kwa risasi kuna kifaa cha kushika mkononi kinachotumia eksirei, unakielekeza kwenye udongo uliokauka kwa dakika moja mbili kinakupa namba, ukishakinunua unaweza kuzunguka nacho matuta mengi kwa siku. Kadimiamu ni ngumu kidogo, kiwango chake cha hatari ni kidogo mno kile kifaa hakikioni vizuri, lazima sampuli iende maabara iyeyushwe kwa asidi, na maabara za kufanya hivyo zipo, vyuo vikuu wanazo na Mkemia Mkuu wa Serikali anayo. Wangeanza na sampuli kwa kila kipande cha shamba, udongo na mboga yake pamoja maana udongo peke yake haukwambii mmea umevuta kiasi gani, na warudie masika na kiangazi kwa kuwa mafuriko ya Jangwani yanabadilisha udongo kila mwaka, shamba lililokuwa safi Februari linaweza likaletewa tope la watu wengine mwezi wa tano. Hata hatua chache unaweza kukuta tofauti, aliye karibu na mtaro wa gereji na aliye juu kidogo hawako sawa, na kuwaweka wote kapu moja ni dhuluma.

Tatizo ni nani afanye. Nimejaribu kuulizia kwenye ofisi moja ya serikali sitaitaja, dirisha la kwanza wakanambia hilo ni suala la mazingira, la pili wakasema ni chakula, wa tatu akaniuliza kwani wewe umetumwa na nani. Ukiangalia kwenye makaratasi kweli kumegawanyika. Chakula kilikuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, toka 2019 kimehamia TBS, shirika la viwango. Udongo na uchafuzi ni NEMC, baraza la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa udongo zipo toka 2007. Maji ya mto ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Wakulima na masoko ni halmashauri. Wote wanahusika, na kwa hiyo tuta la mjomba halijawahi kukanyagwa na hata mmoja wao akiwa na kijiko na mfuko wa sampuli. TBS wanapima juisi za viwandani na unga wa pakiti, sawa, ila chakula ambacho familia nyingi za Dar zinakila kila siku hakina pakiti wala nembo. Nani anakisemea?

Na wasifikiri wakikaa kimya gharama inaisha. Wenzetu Mombasa pale Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu pembeni kabisa ya nyumba za watu, wakazi wakaanza kuumwa na kupoteza watoto, mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, mtoto wake mwenyewe akapimwa akakutwa na risasi, akapambana mpaka kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira Julai 2020 ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa 2023 ikatengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha ule uamuzi, na walioamriwa kulipa sio kiwanda tu, taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia zimo. Hiyo ndio sehemu wakubwa wetu waisome mara mbili.

Japani kabla ya hapo. Mgodi wa Kamioka ulimwaga kadimiamu mto Jinzu mkoani Toyama, wakulima wakanyweshea mpunga kwa maji ya ule mto kama sisi tunavyomwagilia mchicha, wanawake wa makamo na wazee ndio walioumia zaidi, figo zikaharibika na mifupa ikawa inavunjika hata mtu akikohoa. Serikali ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodini. Kusafisha mashamba, maana yake kuondoa udongo wa juu na kuweka mwingine, kuliwachukua zaidi ya miaka 30, wamemaliza 2012. Hao ni Wajapani na hela zao.

Nimalizie na jambo ambalo linaendelea sasa hivi na nadhani ndio la haraka kuliko yote. Kuna ule mradi mkubwa wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Uhispania na Uholanzi wakaongezea ikafika 260, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, kupitia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mto utachimbwa uongezwe kina, daraja jipya Jangwani, bustani ya kupumzikia watu. Mradi mzuri, tumeteseka sana na mafuriko na nauunga mkono mikono miwili. Swali langu ni tope. Tope la chini ya mto ndio benki yenyewe ya hizi metali, miaka yote ya betri na rangi na madampo imelala pale, likikaa chini ya maji lina utulivu wake, ukilichimbua likakauka linapata hewa linageuka vumbi na kadimiamu yake inalegea. Litapelekwa wapi? Dar hii udongo ni biashara, mtu akiona lori limebeba udongo mweusi wa mtoni anauliza bei, anaujaza kiwanjani, anatandaza bustani juu yake, anapanda matembele. Kama kuna mpango wa kulipima na sehemu maalum ya kulizika basi wautangaze tuujue, sehemu gani, limepimwa na nani, majibu ni yapi. Wananchi wa Pugu, Kinyerezi na Kisarawe wanaojenga kila siku wanahitaji kujua udongo gani wasinunue.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili, waandishi wako wakaulize hizo ofisi nne nilizozitaja, na TARURA wawe wa tano, swali ni moja tu, majibu ya vipimo vya udongo na mboga za Msimbazi ya karibuni kabisa yapo wapi na kwanini hayajabandikwa sokoni. Wakiwapa, yachapisheni kwa kiswahili, jina la eneo, zao, risasi, kadimiamu, linafaa kwa mchicha au halifai. Mnachapisha bei za mazao na ratiba ya ligi, jedwali la mistari kumi na tano halijazi hata robo ya ukurasa.

Msomaji wenu,
Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam